Sufuria Mpya na Maji ya Mlangoni: Historia ya Sheria ya Vyombo, Kutoka Midiani Hadi Mbale



Unapofungua gazeti hili la sikukuu yetu, yawezekana uko Busia, au Bungoma, au Mwanza, au Bunia. Au uko hapa hapa Kimaka, umeketi chini ya tenti unangojea chakula. Kama uko hapa, hebu tazama upande wa jikoni. Akina mama wamepanga sufuria kubwa, nyingine za kanisa, nyingine za kuazima kwa majirani, na mbili tatu mpya ambazo bado zina karatasi ya dukani. Hizo mpya zitasuuzwa, zitapanguswa, zitawekwa mafigani. Kwetu mambo yameisha.

Sasa panda taxi nami tutoke Jinja, tupite Iganga, tufike Mbale. Ukitoka mjini Mbale kidogo utakuta kilima kinaitwa Nabugoye. Hapo wanaishi majirani wetu waitwao Abayudaya. Ni raia wa Uganda kama sisi, wanalima kahawa na ndizi kama sisi, lakini dini yao ni ya Kiyahudi, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Katika dini hiyo, sufuria mpya ya dukani haiingii mezani kwanza. Inapelekwa majini, inasemewa maneno mafupi ya baraka, inazamishwa yote mpaka isionekane, ndipo inapikiwa. Wao huita jambo hili tevilat kelim, yaani kuzamisha vyombo.

Utaniuliza, mtumishi, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Roho Mtakatifu katika sikukuu yetu? Nivumilie. Katika ushirika wetu hakuna neno tunalolipenda kama neno "chombo". Tunaomba tukisema mimi ni chombo chako. Tunamsifu mhubiri kwamba ni chombo. Basi nadhani ni vizuri tujue historia ya watu ambao wamekifikiria chombo kwa miaka elfu mbili na zaidi. Nami nina sababu yangu nyingine, ambayo nitakuambia kabla sijamaliza.

Agizo lililotolewa baada ya vita

Sheria hii ilianzia vitani. Fungua Hesabu 31. Waisraeli wametoka kupigana na Wamidiani, wamerudi na ng'ombe, punda, na vyombo vya nyumbani kwa watu. Hapo Eleazari kuhani anatoa agizo, aya ya 21 hadi 24. Anataja madini sita: dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi. Kila kinachostahimili moto kipite motoni, kisha kitakaswe kwa maji. Kisichostahimili moto kipite majini.

Ni aya nne tu. Sisi wahubiri huzipita mbio tukikimbilia habari za Balaamu na punda wake. Lakini simama hapo kidogo, uwaze. Hivyo vilikuwa vyombo vya watu walioabudu Baal-Peori, miungu iliyowaangusha Waisraeli sura chache tu nyuma. Vilikuwa vimepikiwa nyama za sadaka za sanamu. Kama ungekuwa wewe ndiye kuhani, ungesemaje? Mimi najua ningesema nini. Ningesema vitupwe jangwani vyote, na mtu asiviguse. Eleazari hakusema hivyo. Alisema moto, maji, halafu viingie kambini.

Walimu waliouliza maswali ya jikoni

Miaka mingi ikapita. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, Wayahudi wakatawanyika, wengi wakaishi Babeli katikati ya Mataifa. Huko hapakuwa tena na vita vya Midiani, lakini sokoni palikuwa na vyombo vya wapagani kila siku. Mama wa Kiyahudi akinunua sufuria kwa mpagani, aifanye nini? Walimu wao wakajadili. Majadiliano hayo yaliandikwa, kwanza katika Mishna karibu mwaka 200, kisha katika Talmudi ya Babeli iliyokusanywa karne ya 5 na ya 6. Sehemu inayohusu jambo letu iko mwishoni mwa kitabu kiitwacho Avodah Zarah, maana yake ibada ya sanamu.

Ukisoma habari zao utacheka, kwa sababu ni maswali ya kweli ya jikoni. Rav Nachman alifundisha kwamba hata chombo kipya kabisa, kisichowahi kupikiwa kitu, lazima kizamishwe. Hoja yake ni kwamba chombo cha zamani kikishapitishwa motoni kimekuwa kama kipya, na bado Torati inakidai maji. Basi maji hayakuwekwa kwa ajili ya uchafu. Hapo mwalimu mwingine, Rav Sheshet, akamwuliza: kama ni hivyo, hata mkasi wa kukatia nguo tuuzamishe? Akajibiwa hapana, Torati ilitaja vyombo vya chakula tu. Kwa lugha yetu ya hapa, kisu cha kukatia nyanya kinaingia majini, lakini panga la kufyekea shamba halidaiwi kitu.

Mwingine alinunua chombo cha udongo kwa mpagani, akataka kukizamisha. Akazuiwa. Aliambiwa kwamba Eleazari alitaja madini, na udongo haumo. Chungu kipya cha udongo hakihitaji kuzamishwa. Mwiko wa mti hauhitaji. Lakini glasi je? Eleazari hakutaja glasi. Rav Ashi akasema glasi ikivunjika huyeyushwa ikaundwa upya kama chuma, kwa hiyo ihesabiwe pamoja na chuma. Ndiyo maana mpaka leo, Myahudi anayeshika sheria akinunua glasi za maji dukani anazizamisha pamoja na sufuria.

Halafu kuna hili ambalo mimi nalipenda sana. Rav Nachman alisema kwamba sheria ni ya chombo ulichonunua, kikawa chako, kama vile vya Midiani vilivyokuwa mali ya Israeli. Chombo cha kuazima kwa jirani wa Mataifa hakidaiwi kuzamishwa. Wewe unajua maisha yetu. Nani hapa amefanya harusi au matanga bila kuazima sufuria? Walimu wale waliishi kati ya watu wa dini nyingine, na walijua kwamba jirani ni jirani.

Katika karne ya 16 mwalimu Yosef Karo, aliyeishi mji wa Safed huko Galilaya, alikusanya sheria zote katika kitabu kimoja, Shulchan Aruch, kilichochapwa Venice mwaka 1565. Sheria za kuzamisha vyombo zimo humo kwa mpangilio. Kwanza chombo kisafishwe kabisa. Kutu itoke, karatasi ya bei ibanduliwe, gundi yake isuguliwe, kwa sababu kitu kikibaki katikati ya chombo na maji, kuzamisha hakuhesabiki. Kisha kizame chote kwa mara moja, mpini na mfuniko pia, na maji yakiguse kila mahali ndani na nje. Anayekishika asikibane kwa nguvu mpaka maji yasipite chini ya vidole.

Na maji yenyewe si maji yoyote. Yawe ya chemchemi, ya mto, ya bahari, au bwawa lililokusanya maji ya mvua yenyewe. Bwawa hilo, mikve, lazima liwe na kipimo cha kale cha sea 40. Walimu wao hawakubaliani ni lita ngapi hasa, lakini kwa hesabu nyingi ni zaidi ya lita 300. Ni kama jerikani kumi na tano na zaidi, au dumu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Ila usije ukachota jerikani hizo bombani ukajaza pipa ukasema tayari. Maji yaliyochotwa kwa chombo na mkono wa mtu hayatoshi kuanzisha mikve. Lazima yatoke kwa Mungu moja kwa moja, mbinguni au ardhini.

Mambo matatu ya kutofautisha

Mpendwa, nimesikia wahubiri wakiyachanganya haya, nami pia niliwahi kuyachanganya. Kuna mambo matatu.

La kwanza ni uchafu wa kawaida. Huo unatolewa kwa sabuni na majivu, na hauna neno.

La pili ni chakula kilichoingia ndani ya chombo. Sheria ya Wayahudi inasema sufuria iliyochemshiwa chakula kilichokatazwa imekinywa chakula kile, hata ukiisugua nje ikang'aa. Dawa yake ni kuirudisha njia ile ile iliyoingilia. Kilichochemshiwa kinachemshwa tena kwa maji yanayotokota. Kilichochomewa nyama juu ya makaa kinachomwa mpaka kiwe chekundu. Kisu kinanolewa. Mishna inayaeleza yote hayo. Chungu cha udongo peke yake ndicho hakitoi kilichonywa. Walawi 6:28 imeamuru kuhusu sadaka kwamba chungu cha udongo kivunjwe, lakini cha shaba kisuguliwe na kusuuzwa kwa maji.

La tatu ndilo hili la kuzamisha, nalo halihusu uchafu wala chakula. Linahusu kubadilika kwa mwenyewe. Talmudi ya Yerusalemu inaeleza kwamba chombo kimetoka katika hali ya Mataifa na sasa kinaingia katika utakatifu wa Israeli. Ni maji ya mlangoni. Ndiyo maana mtu wa Mataifa anayeingia dini ya Kiyahudi naye anazamishwa katika bwawa la namna ile ile. Mtu na sufuria wanaingia nyumba moja kwa mlango mmoja.

Na mkumbuke, hakuna mahali katika sheria hii inaposemwa kwamba sufuria ina pepo. Siku hizi kuna watu katika nchi zetu wanauza maji ya kunyunyizia vyombo ili kuondoa laana, na wakiulizwa wanasema ni desturi ya Israeli. Israeli haina desturi hiyo. Yao ni ya bure, mtoni, na ni ya kumtii Mungu tu.

Bwana Yesu na vikombe

Sasa mtu ataniambia, mtumishi, Bwana Yesu si alilikemea hili? Tuangalie vizuri. Marko 7:4 inataja Mafarisayo na desturi ya kuosha vikombe, mitungi na vyombo vya shaba. Katika Kiyunani neno lililotumika hapo ni la shina moja na neno letu ubatizo. Kwa hiyo kabla ya watu wengi kubatizwa Yordani, vikombe vya Wayahudi vilikuwa vinabatizwa nyumbani kila siku! Sheria ile ya wakati wa Hekalu ilihusu unajisi, kama wa kugusa maiti, na ilirudiwa kila chombo kilipopata unajisi. Hii ya vyombo vilivyonunuliwa ni ndugu yake, hufanywa mara moja. Mitungi sita ya mawe kule Kana, Yohana 2:6, iliwekwa kwa ajili ya desturi hiyo ya kutawadha. Ilikuwa ya mawe kwa sababu walimu walisema jiwe halipati unajisi kama udongo unavyopata.

Bwana hakuwakemea kwa kuosha. Katika Mathayo 23 anawaambia kwamba wamesafisha nje ya kikombe, na ndani wameacha unyang'anyi. Kisha anawaagiza waanze na ndani. Na katika Marko 7 kosa analolitaja ni kwamba mtu anatumia desturi ili asimtunze baba yake na mama yake. Yaani desturi imemgeukia mtu wa karibu ikamwumiza. Shika hilo, tutalirudia.

Jenerali aliyepita Jinja

Tuje nyumbani. Sheria ya Eleazari ilifikaje Mbale? Ililetwa na mtu wa vita.

Semei Kakungulu alikuwa shujaa wa Buganda, Mprotestanti aliyefundishwa na wamisionari wa Kianglikana, jemadari katika vita vya dini vya miaka ya 1880 na 1890. Mwaka 1899 alikuwa katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega. Kisha akaingia nchi za mashariki, zilizoitwa Bukedi wakati huo, akiwa na askari na bunduki, akajenga ngome, akaziweka chini ya utawala kwa niaba ya Waingereza. Wazee wa huku mashariki hawakusahau mifugo iliyotekwa. Alitumaini Waingereza watamfanya mfalme wa nchi aliyoiteka. Hawakumfanya. Mwaka 1902 walimwondoa katika ngome yake ya Budaka wakampa ardhi Mbale, na mji wa Mbale ulikua kutokana na makazi yake. Mwaka 1906 wakamleta huku kwetu Jinja awe rais wa baraza la Busoga, kazi aliyoifanya mpaka 1913. Kwa hiyo mtu huyu alikanyaga mji wetu huu kwa miaka saba.

Baada ya hapo alirudi Mbale akiwa na uchungu. Akajiunga na Abamalaki, dhehebu lililoanza Buganda mwaka 1914, lililokataa hospitali na dawa na kushika Sabato. Lakini alikuwa na Biblia ya Luganda, iliyotoka yote mwaka 1896, na alikuwa msomaji. Alipofika kwenye tohara akaona imeamriwa. Wenzake wakamwambia hayo ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Hakuwa amefundishwa na Myahudi yeyote. Ni kusoma tu.

Mwanzoni jamii yake ilichanganya: Torati na Sabato, lakini pia ubatizo na sehemu za Agano Jipya. Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa nao kama miezi sita. Yeye ndiye aliyewafundisha kalenda, sikukuu, kuchinja na sheria za chakula. Baada yake waliacha ubatizo na maombi ya Kikristo. Hapo, wapendwa, njia yao na yetu zikaachana, na sitajifanya kwamba ni jambo dogo. Sisi tunamkiri Yesu ni Bwana, wao hawamkiri. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sheria na sala kwa Luganda. Akafa mwaka 1928, na kaburi lake liko huko Mbale.

Mimi kila nikimfikiria Kakungulu namwona katika Hesabu 31. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi vitani wamebeba mali za watu. Nusu ya maisha yake alikuwa chombo cha Waingereza. Walimtumia, kisha wakamweka kando. Akaja kuisoma sheria inayosema kwamba hata kilichotoka vitani kinaweza kupita majini kikaketi mezani kwa Mungu.

Miaka ya kujificha

Kuna kitu kimoja kinachotuunganisha na Abayudaya, nacho vijana wetu hawakijui. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, na waliobaki wakiomba kwa siri walikuwa mamia tu. Na sisi je? Mwaka 1977 Amin alipiga marufuku makundi 27 ya kidini, yakiwemo ya Kipentekoste. Wazee wa kilokole wa mashariki watakuambia walivyoomba usiku migombani bila kupaza sauti. Katika wilaya zile zile, pengine katika kijiji kile kile, mlokole alikuwa amejificha na Biblia yake na Myudaya amejificha na Torati yake, kila mmoja akimwogopa jirani.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi. Abayudaya husimulia hilo mpaka leo, na mimi siwashangai. Pasaka ndiyo sikukuu yenye kazi nyingi zaidi ya vyombo: chachu yote inatoka nyumbani, sufuria za chuma zinachemshwa, vyungu vinawekwa kando.

Jamii ikafufuka miaka ya 1980, ikiongozwa na vijana. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo, wa tawi la Wayahudi waitwao Wakonsavativu, walikuja Mbale, na mamia ya Abayudaya wakahojiwa na kuzamishwa majini ili kuingia rasmi katika dini ya Kiyahudi. Hebu fikiria. Babu yako alitahiriwa mwaka 1919. Baba yako alijificha wakati wa Amin. Wewe umeshika Sabato tangu tumboni. Leo mgeni anakuambia uingie majini kama mtu anayeanza. Wengine iliwauma. Wenzao wa kijiji cha Putti walitaka njia ya Waorthodoksi, wakabaki upande wao. Lakini wengi waliingia, wakatoka, na tangu hapo imekuwa rahisi kwa Wayahudi wa mbali kuwaita ndugu. Kiongozi wao Gershom Sizomu akasoma Los Angeles, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wakristo na Waislamu ndio wengi katika eneo hilo, na walimpigia kura. Na tangu 2004 kuna ushirika wa wakulima wa kahawa huko uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanauza kahawa yao pamoja.

Vyungu nilivyovunja

Sasa nikuambie ile sababu yangu.

Nilipoanza uinjilisti nilikuwa kijana mwenye moto mwingi. Katika mkutano mmoja vilimani, upande wa Mbale, aliokoka mama mmoja mjane. Alikuwa anapika malwa, pombe ya ulezi ile wanayonywa kwa mirija. Nikatangaza kwamba vyombo vya pombe lazima viharibiwe mbele ya kanisa. Akaleta vyungu vyake, tukavivunja, watu wakapiga vigelegele. Alikuwa pia na sufuria moja kubwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mtumishi, hii ndiyo ninapikia watoto wa shule mahindi na maharagwe, nauza." Nikamwambia ni ya shetani, imekwisha kunywa pombe. Kijana mmoja akaitoboa kwa nyundo. Tukaimba.

Muhula uliofuata watoto wake walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Miezi michache baadaye alikuwa anapika malwa tena, katika chungu cha kuazima, na kanisani hakuja.

Miaka ikapita ndipo nikasoma Hesabu 31 nikisimama. Kwa sheria ya Musa ambayo mimi nilidhani naitetea, sufuria ile ilikuwa ya kupita motoni na majini, irudi mezani ikapike maharagwe. Vitu vya Baal-Peori viliponywa, na mimi nikatoboa sufuria ya mjane kwa sababu ya ulezi. Torati haijakataza ulezi! Nilikwenda kumtafuta. Nilimpelekea sufuria nyingine, nikamwomba msamaha. Aliipokea, akaniuliza kama nimekula. Lakini kwetu hakurudi. Anasali kwingine, na namshukuru Mungu kwamba anasali.

Hiyo ndiyo desturi niliyosema tutairudia, ile inayomgeukia mtu wa karibu ikamwumiza. Bwana alikuwa amenionya katika Marko 7, nami nilikuwa nahubiri Marko 7.

Mara moja tu

Siwaiti mkazamishe sufuria zenu katika Nile, ingawa Nile iko karibu nasi hapa Kimaka, na maji yake yangetosha sana. Mitume walikwisha kukaa Yerusalemu, Matendo 15, wakaona wasiwatwike watu wa Mataifa mzigo huo. Sisi tumeingia kwa damu ya Mwana-Kondoo. Lakini nataka tujifunze jambo moja kwa majirani zetu.

Chombo kinazamishwa mara moja. Kikishatoka majini, kinafutwa, kinapangwa na vingine, na kinabaki cha nyumba ile. Mwaka wa kumi hakuna anayekiuliza kilitoka duka gani. Hakuna anayekiambia wewe ulikuwa wa wapagani.

Na sisi je? Katika ushirika wetu huu wa nchi tatu nne, kuna dada aliyebatizwa miaka kumi na mitano iliyopita, na bado tunamwita "yule aliyekuwa mpika pombe". Kuna ndugu tunayemwita "yule wa kutoka Kongo", kana kwamba Kongo ni uchafu. Kuna aliyetoka dini nyingine, na kila uchaguzi wa viongozi tunanong'onezana kwamba tumwangalie kwanza. Kuna mchungaji aliyetujia kutoka dhehebu jingine, kiti chake bado kiko nyuma. Tuliwabatiza kwa mikono yetu. Wengine walibatizwa hapa hapa mtoni, tukiwa tumesimama ukingoni tunaimba. Maji yalifanya kazi gani, kama bado tunabandua karatasi ya bei kila Jumapili?

Leo jioni, baada ya ibada, utapakuliwa chakula. Sahani yako itatoka katika sufuria ambayo hujui historia yake. Pengine iliazimwa kwa Mwislamu jirani. Pengine zamani ilipikiwa kitu ambacho hutaki kukijua. Utakula na kushukuru. Naomba mpakuaji naye umwangalie hivyo hivyo, na aliyekaa karibu nawe kwenye benchi pia. Kama kuna jina la zamani ulilokuwa unamwitia, usiondoke nalo Kimaka.

Mungu awabariki wote, na awafikishe salama mipakani na nyumbani. Amina.